Nilivyowapofusha Kuku wa Mke Wangu

Mdogo wangu alisimama mbele ya banda la kuku akiwa na mwiko mkononi na ndoo ya udongo uliokandwa miguuni, akaniuliza, "Kaka, tuzibe au tusizibe?" Nikamjibu, "Ziba." Ningeweza kusema hapana. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi sana, na kila mara naona kwamba haikuwa vigumu kukataa. Hakuna aliyenilazimisha. Mwiko ulikuwa wake kwa sababu yeye ni fundi mwashi, lakini banda lilikuwa langu na neno lilikuwa langu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Anayeishi huku juu Ufipa hahitaji kuelezwa Juni ni nini. Upepo unatoka kusini mashariki na haukuti mlima wa kuuzuia. Unapita juu ya mabua yaliyokauka, unapiga mabati siku nzima, na watu wanaokwenda mjini Sumbawanga hawavui makoti mpaka saa tano. Asubuhi ile nilikuwa nimekuta kuku wamejikunyata kwenye fito zao, manyoya yametimka, kila mmoja kama mpira. Nikawaonea huruma. Naliandika hili si kwa kujitetea. Huruma ndiyo iliyonipoteza, maana mtu akitenda kwa huruma haoni sababu ya kujiuliza mara mbili.

Mke wangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Matai kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mama ndiye anayemkanda binti yake kwa maji ya moto, anampikia uji wa ulezi, anampokea mtoto ili mzazi alale, na hurudi kwake siku arobaini zikitimia. Siku ya kuondoka alisimama uani na mzigo wake akaniambia, "Nakuachia nyumba, shamba na kuku. Nyumba na shamba sina wasiwasi navyo."

"Na kuku?" nikamuuliza.

"Kuku nitapiga simu."

Walikuwa ishirini na watatu. Kati yao watano, matetea wanne na jogoo mmoja, walikuwa wa madoadoa, weusi wenye chembe nyeupe mwili mzima, ungedhani ni kanga. Hao hawakuwa kuku wa kawaida katika nyumba yetu. Mama mkwe wangu alimpa mke wangu tetea wa madoadoa mtoto wetu wa kwanza alipoanza kutembea, kama yeye alivyopewa na mama yake. Ndiyo desturi ya upande wao: mtoto akisimama kwa miguu yake, bibi analeta tetea wa mbegu. Kwa dada zake mke wangu mbegu ile ilikwisha zamani, ilimalizwa na ugonjwa wa kideri. Ilikuwa imebaki kwetu tu. Na sasa binti yetu alikuwa amezaa, na baada ya mwaka mmoja hivi mjukuu angetembea, na mke wangu angetakiwa kupeleka Matai kuku wa madoadoa. Alikuwa ameshamwahidi binti yake. Kama wale watano wangekufa, ahadi ile isingekuwa na pa kutokea.

Nilijua yote haya nilipomwambia mdogo wangu azibe.

Banda nililijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma na mabati. Lilikuwa na madirisha mawili mapana ya wavu, na hayo aliyataka mke wangu. Nilipokuwa najenga nilimwambia madirisha yataingiza baridi, naye akasema, "Na kuku anapumua." Nikayaacha. Lakini mdogo wangu aliponikumbusha jiko la mama yetu, mashaka yangu ya zamani yakarudi.

"Kuku wa mama walilala wapi?" aliniuliza.

"Jikoni, nyuma ya mafiga."

"Mama alifungua dirisha gani?"

"Jiko lile halikuwa na dirisha."

"Uliona kuku wa mama akifa kwa baridi?"

Sikuwahi kumwona. Sisi wawili tulikua tukilala karibu na kuku, tukisikia wakijipanga upya kila moto ulipopungua, na hakuna aliyewahi kuugua kwa ajili ya joto. Nilichosahau ni kwamba jiko la mama liliezekwa kwa nyasi, na nyasi zinapumua kila mahali. Nilisahau pia kwamba kuku walikuwa sita au saba, na alfajiri walitolewa nje kwa ufagio, na mama alikuwa akizoa kinyesi chao kabla hajabandika maji. Mimi niliichukua desturi ya jiko la nyasi nikaipeleka kwenye nyumba ya matofali na mabati yenye kuku ishirini na watatu. Mdogo wangu akaziba dirisha la kwanza kwa matofali mabovu na udongo, akaziba la pili, na mimi nikakunja kiroba nikakisokomeza chini ya mlango.

"Sasa ni hoteli," akasema mdogo wangu.

Nikaongeza kosa la pili juu ya lile. Niliamua wasitoke kabisa mpaka baridi ipungue. Nje kulikuwa na kipanga, kulikuwa na mahindi ya jirani yaliyoanikwa, na mimi sikutaka ugomvi wala hasara mke wangu akiwa mbali. Nikamwaga chini pumba za mpunga zilizoletwa kutoka Milepa, bondeni, na zilipolowa nikamwaga nyingine juu yake. Chakula kilikuwa mahindi meupe na pumba za mashine. Maji nilibadilisha kila siku, tena kwa uaminifu. Nilijiona mfugaji.

Mke wangu alipiga simu jioni kama alivyosema. Baada ya kunieleza habari za mtoto aliniambia, "Niwekee simu bandani niwasikie."

Nikasimama mlangoni nikainyoosha simu ndani.

"Mbona hawasemi?" akauliza.

"Wanaona baridi."

"Kuku wangu hawanyamazi kwa baridi."

"Wazima, mama. Tulia ulee mjukuu."

Alipokata simu nilijikuta napangusa macho. Nilikuwa nimesimama mlangoni dakika mbili tu na machozi yalikuwa yananitoka. Harufu ile niliijua. Kidato cha pili mwalimu wa kemia alitupitishia chupa darasani, akatuonya tusivute kwa nguvu, mwenzetu mmoja akavuta kwa nguvu akakimbia nje akishika pua, tukacheka wiki nzima. Jina la hewa ile ni amonia. Niliijua harufu, nilijua jina, nilijua hata alama zake za kuandika. Nilichofanya ni kufunga mlango haraka ili baridi isiingie.

Dalili ya kwanza niliicheka. Wiki ya tatu nilimwaga punje chache karibu na mlango, tetea mmoja wa madoadoa akaja, akadonoa. Akadonoa pembeni ya punje, kama vidole viwili hivi. Akadonoa tena, pembeni tena. Nikamwambia, "Umelewa nini wewe?" Siku ya pili walikuwa watatu wanaodonoa udongo mtupu. Siku ya tano nusu ya banda walikuwa wamesimama ukutani, macho nusu yamefungwa, wakisugua uso kwenye bega la bawa. Kope za wengine zilikuwa zimevimba na kushikana, na pembeni kulikuwa na povu jepesi. Nikamwita mdogo wangu.

"Baridi imewaingia machoni," akasema.

Nikakubali. Tukaongeza udongo kwenye nyufa za juu ya ukuta, pale mabati yanapokutana na matofali. Kila walipozidi kuumwa mimi nilizidi kuwafunga. Wakaanza kufa. Hawakufa kwa macho. Walikufa kwa njaa na kiu, chakula kikiwa hatua mbili mbele yao. Wa madoadoa wawili walikufa siku moja. Jioni ile mke wangu alipouliza nilisema, "Wazima."

Asubuhi yake nilikwenda mjini kutafuta dawa. Kwenye duka la dawa za mifugo nilimkuta binti mmoja mtaalamu wa mifugo, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, amekuja kwa shughuli zake. Alinisikia nikimweleza muuzaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Macho yao yamekuwaje?"

"Meupe. Kiini kimefunikwa, kama ute wa yai ukishapikwa."

"Banda lina madirisha mangapi?"

Nikasema, "Mawili." Akaendelea kunitazama. Nikasema, "Yalikuwa mawili."

Akaomba aje kuliona. Tulifika saa sita mchana, jua limetoka, mdogo wangu amekaa kwenye benchi langu anaota jua. Yule binti akafungua mlango wa banda, akainama kidogo, akarudi nyuma. Nilitegemea atanifokea. Badala yake akasema kwa heshima, "Mzee, naomba uingie, uchuchumae mpaka kichwa chako kiwe sawa na cha kuku. Mimi nitafunga mlango. Ukishindwa, gonga."

Mdogo wangu akacheka. "Kaka, unapewa adhabu ya shuleni!"

Nikaingia, nikachuchumaa. Kwa magoti yangu haya si jambo dogo. Mlango ukafungwa. Nilikuwa nimezoea kuingia humo nimesimama, naweka maji, natoka. Kumbe chini kulikuwa na hewa nyingine. Ilinishika puani kama pilipili, ikashuka kifuani, na macho yakaanza kuwaka hata kabla sijapata pumzi ya pili. Nilijaribu kuyafungua niwaone kuku, nikashindwa. Nikagonga. Sidhani nilifikisha dakika moja. Wao walikuwa na siku ishirini na tatu humo.

Nilitoka nikakaa chini uani, machozi yananichuruzika mpaka kidevuni, na ukweli ni kwamba hayakuwa ya amonia yote.

"Sasa umeona walivyoona," akasema yule binti. Akatueleza kwa maneno machache. Kinyesi kikilowana na kikikosa pa kupumulia kinatoa hewa ile, nayo ni kali zaidi chini anakoishi kuku. Inachoma jicho mpaka linafanya kidonda, na kidonda kikipona vibaya jicho linabaki na ukungu. Na kuku aliyekula mahindi meupe na pumba peke yake, bila jani, macho yake hayana nguvu ya kupigana. "Baridi, mzee, haiui kuku mwenye manyoya makavu," alisema. "Zuia upepo usimpige mwilini, lakini juu pawe wazi."

Mdogo wangu alikuwa ameacha kucheka. Akainuka, akaenda kuchukua nyundo.

Alizibua madirisha yote mawili kabla yule binti hajamaliza chai. Tukazoa pumba zote, mbichi kwa chini kama tope, tukazipeleka shambani. Tukatandika maranda makavu kutoka kwa seremala. Upande wa upepo tukaweka ukuta wa mabua hadi kimo cha fito, juu tukaacha wazi. Halafu nikaanza kazi ambayo sikuwahi kudhani nitaifanya uzeeni. Asubuhi na jioni nilimpakata kuku mmoja mmoja, nikamsafisha macho kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na chumvi kidogo, nikafungua kope kwa kidole taratibu, nikapaka dawa ya macho ya kwenye tyubu. Nikawakatia majani ya maboga, mchicha, karoti zilizokunwa. Wasioona niliwashika kichwa nikawachovya mdomo kwenye maji mpaka wakumbuke kunywa. Jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Usukumani, alinikuta nimempakata jogoo na kitambaa mkononi.

"Mzee, huyo unamnyonyesha?"

"Namwosha uso."

"Sisi ng'ombe wakiwa mia hatuwaoshi uso."

"Ungewafungia ndani kama mimi ungewaosha."

Siku ya sita tetea mmoja mwekundu alifungua macho yote mawili, akanitazama, akanidonoa kidole. Sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Nikaita kwa sauti, mdogo wangu akaja mbio akidhani ni nyoka. Baada ya huyo wakafuatana. Kati ya wote waliokuwa wameumwa, wengi waliona tena. Hesabu ya mwisho walibaki kumi na watano hai. Jogoo wa madoadoa aliokoka na jicho moja. Lakini tetea wa madoadoa wa tatu alichukuliwa na kipanga siku ya kwanza tulipowatoa nje, kwa kuwa hakuona kivuli. Akabaki tetea mmoja tu wa mbegu ile, na macho yake yote mawili yalikuwa meupe. Yule binti wa mifugo alirudi, akapitisha kidole mbele yake mara mbili.

"Huyu hataona tena, mzee."

Siku tano kabla mke wangu hajarudi mdogo wangu alikuja na mpango. Alikuwa ameupata mnadani.

"Kuna mama anauza matetea wa madoadoa watatu. Sawasawa na hawa. Tunawaweka bandani, huyu kipofu tunampikia shemeji supu ya kumkaribisha, mambo yanakwisha."

"Atawajua."

"Kuku? Kaka, hata wewe ukibadilishwa na mzee mwingine mwenye koti kama lako, shemeji atashtuka kesho kutwa."

Nilicheka, maana alisema kwa uso mkavu kabisa.

"Basi useme ni kideri," akaendelea. "Kideri kinaua kila nyumba. Hakina wakili wa kukitetea."

Naye alikuwa na hofu yake. Alijua mwiko ulikuwa wa nani. Nikamwambia hatutanunua na hatutasema kideri. Nikamwambia pia kwamba jina lake halitatajwa kama kisingizio. Hilo neno nalikumbuka vizuri, kwa sababu lilikuwa hapana yangu ya kwanza katika habari hii yote, na ilikuwa imechelewa karibu wiki tano.

Mke wangu aliingia uani mchana, hakutua hata mzigo. Akaita kuku wake kama anavyowaita siku zote. Wakaja mbio. Akawatazama wanavyomzunguka, na midomo yake ikawa inatikisika kidogo, anawahesabu. Mwisho akaja tetea wa madoadoa, polepole, bega limegusa ukuta wa nyumba, kichwa kimeinama upande mmoja kumtafuta mwitaji kwa sikio. Mke wangu akamwokota, akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Nani aliziba?" akauliza. Alikuwa ameshaona alama za udongo kwenye ukuta wa banda.

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamwahi. "Mimi."

"Nimeuliza nani aliziba, sijauliza nani anamkinga nani."

"Mwiko ulikuwa wake. Aliniuliza tuzibe, nikasema ziba. Na kwenye simu nilikudanganya. Wamekufa saba na mmoja amechukuliwa na kipanga, na huyo haoni."

Akaongea na kuku wake kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayakuwa ya kwangu. Kisha akaniambia, "Msomi wangu wee," akaingia ndani.

Nilimsubiri atoe hukumu. Jioni alisema jambo moja tu: tetea asiyeona hawezi kulea, hivyo tusubiri, na akitaga tena mayai yake tutayaweka chini ya kuku mwekundu. Nikamwomba aniachie yule kipofu. Akaniuliza, "Nimwachie nani? Wewe?" Lakini alikubali.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuku. Niligundua kwamba kisichomsumbua ni giza. Kinachomsumbua ni kitu kuhamishwa. Sahani ikisogezwa hatua moja alikuwa anapotea uani kama mgeni stendi. Basi nikaamua hakuna kitu kitakachohama. Maji yalikaa kona moja, kwenye sufuria nzito isiyopinduka. Chakula kona ya pili, na kabla ya kumwaga nilipiga sahani ya bati kwa kijiko mara tatu. Siku ya kwanza alishtuka. Siku ya tatu alinyoosha shingo. Siku ya nne alikuja.

Alikuja, lakini kwa kuzunguka, maana katikati ya uwanja hakukuwa na ukuta wa kumwongoza. Mdogo wangu alimtazama kwa muda mrefu siku moja, akaondoka bila kuaga. Alirudi na toroli la kokoto. Akachimba mfereji mwembamba kutoka kwenye kiota mpaka kwenye maji, na kutoka kwenye maji mpaka kwenye chakula, akaujaza kokoto ndogo na kuushindilia, ili miguu ya kuku ihisi tofauti kati ya njia na udongo. Alipiga magoti kazi nzima. Mke wangu alimletea maji ya kunywa.

"Shemeji, unajenga nini?"

"Barabara. Watu wanalilia barabara miaka nenda rudi, kuku wa kaka yangu amepata bila hata kuandika barua."

Mke wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. Kuku alichukua siku mbili kuielewa ile njia. Alipoweka unyayo wake wa kwanza juu ya kokoto alisimama, akainua mguu, akaushusha tena, akaurudia. Halafu akatembea moja kwa moja mpaka kwenye maji, hakugusa ukuta wowote, kichwa juu, kama mtu mwenye kwao. Sote watatu tulikuwa uani. Alipokunywa, mdogo wangu akapiga makofi.

Agosti alianza kutaga. Jogoo wa jicho moja alikuwa anamjua, na alikuwa anamlia kabla ya kumsogelea, jambo ambalo hakuwafanyia wengine. Septemba aliingia kiotani akakataa kutoka. Mayai yalikuwa kumi na moja. Mke wangu akarudia lile la kuku mwekundu.

"Atayavunja. Na vifaranga atavikanyaga."

"Anayahisi kwa tumbo, hayahisi kwa macho."

"Na kipanga?"

"Nitafunika njia yake kwa matawi."

"Haya msomi. Lakini hii ndiyo mbegu ya mwisho. Ukikosea tena sina nyingine."

Siku ishirini na moja sikusafiri. Siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, nilisikia mlio chini ya bawa lake. Nikamwita mke wangu akatoka na unga mikononi. Tulichuchumaa pamoja mlangoni. Kilitoka kimoja, cheusi chenye nukta kichwani, kikadondoka juu ya maranda, mama yake akakisikia, akashusha mdomo karibu nacho bila kukigusa, akatoa ile sauti ya chini ya koo ambayo kuku hawaitoi mpaka wawe mama. Kikajiingiza tena chini yake. Hadi jioni walikuwa tisa. Mke wangu alijipangusa uso kwa mkono wenye unga, akabaki mweupe shavu moja, na mimi sikumwambia.

Hakukanyaga hata kimoja. Alitembea nao kwenye barabara yake ya kokoto, anaita, nao wanazunguka miguu yake. Akifika kwenye chakula anakwangua, anadonoa pembeni, wao wanaona punje wanakula, na mdomo wake unawafuata. Majirani walikuja kutazama. Jirani yangu wa ng'ombe alisimama muda mrefu akiegemea fimbo yake, akasema, "Mzee, nakuomba radhi. Mwoshe uso kila siku." Na watu wa nyumba nne mtaani kwetu walikwenda kufungua madirisha ya mabanda yao mwaka ule, mdogo wangu akiwa na nyundo, akiwaeleza kwa kujiamini habari za amonia kana kwamba yeye ndiye aliyekaa darasani na ile chupa.

Vifaranga wanane walikua wakubwa, na kati yao matetea walikuwa watano. Mjukuu alipoanza kutembea, binti yetu alikuja naye kutoka Matai, na mke wangu akampa matetea wa madoadoa wawili badala ya mmoja, amewafunga miguu kwa kitambaa laini. Mbegu ile leo ipo Matai, na ipo kwa shemeji zangu wawili ambao kwao ilikuwa imekwisha. Yule kipofu aliishi misimu mingine mitatu na akaangua kila msimu. Sijui kama nimewahi kufanya kazi iliyofanikiwa zaidi ya hiyo, na nimelima, nimejenga, nimesomesha.

Kisha binti yetu alishika mimba ya pili. Ilipokaribia nilimwambia mke wangu aanze kujiandaa, nikamhakikishia usalama wa kuku. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Safari hii amkande mama mkwe wake," alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Nikasema nimejifunza. Akasema, "Najua umejifunza."

Binti yetu alijifungua kwa upasuaji na akapata shida kupona. Mke wangu alikwenda na gari la asubuhi, akakaa naye mchana ule, akarudi na gari la jioni. Binti yangu alikuwa amelia akimwomba abaki. Mama mkwe wake alimtunza vizuri, lakini si mama yake. Uamuzi wangu wa kuziba banda ulimnyima binti yangu siku arobaini na mama yake wakati alipokuwa anazihitaji kuliko mara ya kwanza, na tangu ule mwaka mke wangu hajawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja, kwa kuwa haamini kuniachia kitu chenye uhai.